Fidia ya mshahara uliopotea: PAYE itolewe kwanza au la?

Mdadisi wa Ngara

Habari zenu wenzangu. Nawauliza hasa mawakili na wahasibu waliomo humu.

Chukueni mfano huu. Mfanyakazi wa miaka 40 analipwa Sh100,000 kwa mwezi kabla ya makato. Anagongwa na matatu kwenye barabara ya Thika na kufariki, akiacha mke na watoto wawili. Wakili wa familia anapiga hesabu hivi: 100,000 × miezi 12 × miaka 15 × thuluthi mbili (sehemu ambayo ingekwenda kwa familia), jumla Sh12,000,000. Wakili wa upande wa pili anasema marehemu hakuwahi kufikisha laki moja nyumbani. Anachukua hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho, anaenda mstari wa chini kabisa, anakuta Sh51,617.65, na hiyo ndiyo anataka korti itumie. Kwa hesabu yake familia inapata Sh6,194,118. Tofauti ni karibu milioni sita, na miaka 15 hakuna anayeibishia.

Ninachotaka kujua ni kama PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, unapaswa kutolewa kabla ya kukokotoa fidia, na kama ni hivyo, kwa nini aliyesababisha ajali anufaike na ushuru ambao ungekwenda kwa serikali. Pia, mkopo wa sacco unahesabiwaje? Naona hukumu zinazotumia mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, na nyingine zinazotumia kile kilichoingia benki.

Wakili wa Milimani

Mdadisi, kati ya hizo hesabu mbili hakuna iliyo sahihi. Jibu liko katikati, na tuanze na ushuru.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kanuni mwaka 1957 katika kesi ya Chunibhai Patel dhidi ya Hayes: tafuta umri wa marehemu na miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, tazama mapato yake baada ya kutoa ushuru, kisha uone ni sehemu gani ya mapato hayo halisi ambayo angewatumia wategemezi. Hapo ndipo unapata thamani ya utegemezi kwa mwaka, unaizidisha kwa idadi ya miaka inayofaa. Mahakama Kuu yetu imerudia mara nyingi kwamba kinachoangaliwa chini ya Sheria ya Ajali Mbaya, Sura ya 32, ni mapato halisi ya marehemu. Kwa hiyo anayeleta mshahara ghafi anajiwekea tundu ambalo mwenzake atalitumia kwenye rufaa.

Msingi wenyewe unatoka Uingereza, kesi ya Gourley, iliyochapishwa mwaka 1956. Mhandisi alijeruhiwa katika ajali ya treni. Jaji wa kwanza alimpa Pauni 37,720 kwa mapato aliyopoteza bila kuangalia ushuru. Ukitoa ushuru wa wakati ule, ambao kwa watu wa kipato cha juu ulikuwa mkali sana, zilibaki Pauni 6,695. Mabwana wa Baraza la Juu, waliokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, wakachagua hesabu ya pili, isipokuwa mmoja aliyepinga. Hoja yao ni nyepesi kueleza: fidia inamrudisha mtu alipokuwa, na alipokuwa ni pale ushuru ulipokwisha kukatwa.

Lakini kanuni hiyo ina miguu miwili na wengi hushika mmoja. Mguu wa kwanza: pesa zilizopotea zingetozwa ushuru. Mguu wa pili: fidia yenyewe haitozwi. Yote miwili lazima isimame. Fidia ya jeraha au kifo si mshahara wala faida ya biashara, kwa hiyo mwenye hukumu hapeleki sehemu yake kwa KRA, mamlaka ya ushuru. Ndiyo maana ushuru unatolewa ndani ya hesabu. Mahali ambapo fidia yenyewe inatozwa ushuru, kuutoa tena ndani ya hesabu ni kumkata mtu mara mbili.

Hapo ndipo watu huchanganya kesi za ajali na kesi za ajira. Mtu akifukuzwa kazi kinyume cha haki, Kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu hadi mishahara ghafi ya miezi 12, na kifungu hicho hicho kinasema malipo hayo yatakatwa makato ya kisheria. Korti inaandika kiasi ghafi, mwajiri anakata PAYE wakati wa kulipa. Ukichukua mtindo huo ukaupeleka kwenye kesi ya matatu, unaidai bima pesa ambazo hakuna atakayezikata baadaye. Ukichukua mtindo wa matatu ukaupeleka korti ya ajira, mteja wako anakatwa kule na huku.

Sasa mkopo wa sacco. Huo hautolewi. Ushuru ni pesa ambazo marehemu hakuwa na hiari nazo na hazikuwa zake kamwe. Hisa za sacco na marejesho ya mkopo ni matumizi ya mshahara wake mwenyewe: amejenga nyumba, amelipa karo, ameweka akiba. Familia ndiyo iliyokuwa ikinufaika. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema wazi kwamba kinachotolewa ni makato ya kisheria pekee. Wakili anayekimbilia mstari wa chini wa hati ya mshahara mwambie asome mistari ya juu yake.

Mhasibu South B

Nakubaliana na Wakili. Niongeze hesabu zenyewe, maana kesi nyingi zinaharibikia kwenye kikokotoo baada ya sheria kukubaliwa.

Tuchukue laki moja ya Mdadisi kwa viwango vya 2025, yaani NSSF (mfuko wa pensheni) ya Februari mwaka huo. NSSF ilikuwa asilimia 6, mwisho Sh4,320. SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, Sh2,750. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh1,500. Jumla Sh8,570. Tangu mwisho wa Desemba 2024 zote tatu zinaondolewa kabla ya kupiga PAYE, kwa hiyo kinachotozwa ni Sh91,430. Sh24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni Sh2,083.25. Zilizobaki Sh59,097 kwa asilimia 30 ni Sh17,729.10. Jumla Sh22,212.35, toa nafuu ya kila mtu ya Sh2,400, PAYE inakuwa Sh19,812.35. Mshahara halisi ni Sh71,617.65.

Ndiyo kusema kwenye hati ile ya 51,617.65 kulikuwa na Sh20,000 za sacco na mkopo. Zirudishe. 71,617.65 × 12 × 15 × thuluthi mbili = Sh8,594,118. Hiyo ndiyo hesabu.

Makosa ninayoyaona kwenye mawasilisho ni haya. La kwanza, mtu anatoa asilimia 30 ya mshahara wote kwa sababu ndiyo ngazi ya ushuru aliyoisikia. Kwa laki moja kosa linajificha, unapata 70,000. Jaribu kwa 40,000: mshahara halisi ni Sh32,746.65, lakini mwenye asilimia 30 anaandika 28,000. Kwa miaka 15 na thuluthi mbili, wategemezi wamepoteza karibu Sh569,600 bila mtu kulalamika.

La pili, kutoza ushuru jumla yote. Mtu anafika Sh12,000,000, kisha anaipitisha kwenye ngazi za PAYE kana kwamba zote zililipwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa inaangukia kwenye asilimia 32.5 na 35. Marehemu hangegusa ngazi hizo maishani mwake.

La tatu ni la mpangilio. Baadhi wanatoa kwanza theluthi ya matumizi ya marehemu, halafu wanapiga PAYE kwenye 66,667 iliyobaki. Inaonekana ni sawa tu, lakini ngazi za ushuru hazipandi kwa uwiano mmoja. Ukifanya hivyo unapata utegemezi wa Sh49,500 kwa mwezi, badala ya Sh47,745. Kwa miaka 15 tofauti ni karibu Sh316,000, na safari hii imezidi upande wa familia. Ushuru ulikuwa wa mshahara wote wa marehemu, akila yeye au wakila watoto. Toa ushuru kwanza, gawanya baadaye.

Kwa majeruhi aliye hai na bado anafanya kazi kidogo, kuna mtego mwingine. Tuseme alikuwa 100,000, sasa amepewa kazi nyepesi ya 40,000. Wengi wanasema amepoteza 60,000, wanapiga PAYE kwenye 60,000 na kupata Sh45,311.65. Si kweli. Zile 60,000 zilikuwa juu ya mshahara wake, kwenye ngazi ya asilimia 30 karibu zote. Nafuu ya 2,400 na ngazi ya asilimia 10 bado anazitumia kwenye 40,000 yake mpya. Njia sahihi ni mshahara halisi wa zamani kutoa mshahara halisi wa sasa: 71,617.65 kutoa 32,746.65, yaani Sh38,871 kwa mwezi. Na kama amesajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu na KRA imempa cheti cha msamaha, Sh150,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi ushuru wa mapato. Anabaki na Sh35,900 za ile 40,000, na hasara yake inashuka zaidi. Bima wakigundua hilo watalitumia, kwa hiyo wakili wa mdai alijue mapema.

Mtetezi wa Wategemezi

Hesabu za Mhasibu ni safi. Mimi napinga msingi wake.

Ushuru ni jambo kati ya raia na serikali. Mwenye matatu si mtoza ushuru. Gourley inamwachia mkosaji punguzo la milioni tatu na zaidi katika mfano huu, na serikali nayo haipati hata shilingi. Mahakama ya Juu ya Canada iliikataa Gourley mwaka 1966 katika kesi ya Jennings, na Australia iliikataa mwaka 1978 kabla ya kugeuka mwaka 1980. Si jambo lililokwisha kama watu wanavyolifanya.

Pili, mjane akipewa jumla leo, atafanya nini nayo? Ataiweka benki au kwenye hati za dhamana za serikali. Riba ya akaunti ya muda maalumu inakatwa asilimia 15. Kumbuka miaka ya kuzidisha tayari imepunguzwa kwa sababu tunasema atapata riba. Kwa hiyo tumetoa ushuru wa mshahara, tukapunguza miaka kwa sababu ya riba, na riba yenyewe inatozwa. Hapo ushuru umepita mara mbili juu ya mfuko mmoja.

Tatu, nani anajua ushuru wa miaka 15 ijayo? Angalia tu yaliyopita hapa. Aprili 2020 ngazi ya juu ilishushwa hadi asilimia 25, Januari 2021 ikarudi 30. Julai 2023 zikaongezwa 32.5 na 35, na ushuru wa nyumba ukaanza. Ushuru huo ukasimama Januari 2024 baada ya Mahakama Kuu kuukataa, ukarudi Machi 2024 kwa sheria mpya. Mtu aliyekufa 2019, hakimu angemkata nini?

Wakili wa Milimani

Mtetezi, hoja ya riba ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye mawasilisho. Lakini mahali pake ni kwenye kizidishi, yaani ile idadi ya miaka. Omba miaka 16 badala ya 15 na ueleze sababu. Tahadhari tu: Uingereza walijaribu hilo, na mwaka 1988 katika Hodgson dhidi ya Trapp mabwana wale wakakataa kuongeza kizidishi kwa sababu ya ushuru wa juu wa riba. Hakimu wetu hafungwi na hukumu hiyo. Kwa nilivyoona, hoja hii ikiletwa na takwimu za hati za serikali inasikilizwa zaidi kuliko ikisemwa kwa jumla.

Kuhusu kutojua ushuru wa kesho: hatujui pia mshahara wa kesho, wala kama angepandishwa cheo. Kwa miaka iliyokwisha pita kati ya ajali na hukumu, tumia viwango halisi vya kila mwaka. Kwa miaka ijayo, tumia viwango vya siku ya hukumu. Kumwacha mtu na mshahara ghafi kwa sababu sheria inabadilika ni kuchagua jibu ambalo tunajua kwa uhakika si sahihi.

Na kuhusu mkosaji kunufaika, swali la haki unalolipa uzito ni la kweli na nalielewa. Ila fidia ya kawaida haikusudii kumwadhibu mtu. Angalia pia nani analipa. Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, bima ya mtu wa tatu inawajibika hadi milioni 3 kwa kila mtu. Kinachozidi kinamfuata mwenye gari binafsi, mara nyingi mtu mwenye matatu moja ya mkopo. Tofauti ya karibu milioni 3.4 kati ya ghafi na halisi hailipwi na bima. Hukumu isiyolipika haiwalishi watoto.

Mdadisi wa Ngara

Asanteni sana. Je, mtu asiye na hati ya mshahara? Fundi wa Gikomba, mama wa mboga, mwenye duka Eastleigh. Bima husema hana PIN (namba ya mlipa ushuru), hana marejesho ya ushuru, basi hana mapato.

Mhasibu South B

Gawanya makundi mawili.

Aliye chini: korti mara nyingi inachukua mshahara wa kima cha chini. Kibarua wa kawaida Nairobi, kwa agizo la Novemba 2024, ilikuwa Sh16,113.75. Kwa viwango vile vya 2025, hapo hakuna PAYE kabisa. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu ni 2,400, kwa hiyo chini ya 24,000 za kutozwa PAYE ni sifuri. Bima wakidai ushuru utolewe kwenye kima cha chini, jibu ni mstari mmoja wa hesabu.

Mwenye biashara: kosa kubwa ni kuchanganya mauzo na mapato. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha milioni 3 zimeingia kwa mwaka, wakili anaziandika kama kipato. Hizo ni mauzo. Toa bidhaa, kodi ya duka, usafiri, mishahara. Tuseme inabaki faida ya 600,000. Kwa mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25, ushuru wa mauzo ni asilimia 3 ya mauzo yenyewe, si ya faida: Sh90,000. Kinachobaki ni 510,000 kwa mwaka, Sh42,500 kwa mwezi. Angalia jinsi unavyouma mwenye faida nyembamba: kwake 90,000 ni asilimia 15 ya faida. Na kama biashara iliendelea baada ya kifo, mke akiisimamia, hasara si faida yote. Ni gharama ya kumwajiri mtu wa kufanya kazi ya marehemu, pamoja na faida iliyoshuka.

Wakili wa Milimani

Kuhusu PIN, Mahakama ya Rufaa ilishalijibu katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja, 2005: hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato, na kusema vinginevyo kungewadhulumu Wakenya wengi wanaofanya kazi bila kuweka rekodi. Kukosa marejesho ya ushuru hakufuti kipato. Ila kama unadai mapato makubwa, tarajia korti itoe ushuru ambao ungelipwa, hata kama haukulipwa.

Na hapa ndipo kesi hushindwa bila sababu: ushahidi wa ushuru haukuletwa na yeyote. Mdai alete fomu ya P9 (muhtasari wa mshahara na ushuru wa mwaka) ya miaka mitatu ya mwisho pamoja na hati za mshahara za miezi kadhaa, kwa sababu hati ya mwezi mmoja inaweza kuwa na ovataimu au bonasi. Mtu wa rasilimali watu atoe ushahidi kwamba makato fulani ni ya hiari, ili sacco isije ikahesabiwa kama ushuru. Mapato yajayo ya majeruhi aliye hai yawe kwenye hati ya madai kwa kiasi chake na yathibitishwe. Uwezo wa kufanya kazi uliopungua ni fidia ya jumla na unaweza kutolewa kwa mkupuo, ambapo PAYE ya mstari kwa mstari haina kazi. Mchango wa NSSF wa mwajiri, nao asilimia 6, ni pensheni iliyopotea. Ukitoa mchango wa mfanyakazi na kusahau ule wa mwajiri, umekata upande mmoja tu wa akiba yake. Udai kando, na uuandike tangu mwanzo.

Mdadisi wa Ngara

Kwa hiyo kwenye mfano wangu ni 8,594,118 na NSSF ya mwajiri kando?

Mhasibu South B

Ndiyo. Na ambatisha karatasi ya hesabu, mwezi hadi mwaka, hakimu aione kila hatua. Mawasilisho yenye jumla pekee ndiyo yanayorudishwa kwenye rufaa.